Karo ya kahawa, glasi ya mvinyo

Vikundi vya WhatsApp vya watu waliosoma pamoja vina kazi mbili zinazojulikana, kuchanga na kuzika. Mzazi wa mmoja wenu akifariki, mweka hazina anatuma nambari ya Paybill, orodha ya waliochanga inasahihishwa hadi usiku wa manane, na wiki inayofuata mnakutana Gatundu au Kandara mmevaa makoti meusi. Mnapigana mabega, mnaulizana watoto wamefika kidato gani, kisha kila mtu anakimbilia gari kabla Thika Road haijafunga. Mwaka huu mmoja wetu alichoka na mtindo huo. Akaandika kikundini kwamba safari hii tukutane bila jeneza. Tuonje mvinyo: Jumamosi kwake Ruiru, Jumapili Thika, karibu na pale tuliposomea.

Waliookoka waliuliza kama kutakuwa na juisi. Mhasibu wetu, ambaye tangu kidato cha kwanza hakuwahi kununua mandazi bila kuhesabu chenji mara mbili, aliuliza kwa nini tulipie maji ya zabibu yaliyochacha ilhali Kamakis iko pale pale kando ya Eastern Bypass, na mbuzi wanachomwa mchana kutwa. Mwingine alitaka kujua kama mvinyo unashuka na mukimo. (Unashuka. Tulijaribu.)

Kwa kweli hakuna anayekwenda Ruiru kutafuta mizabibu. Mji huo unajulikana kwa nyama choma na kwa nyumba za kupanga zinazochipuka kila uchao, na wenye umri wetu wanaujua kwa kahawa. Lakini mwenyeji wetu alishikilia kwamba mvinyo uko karibu kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Kenya Wine Agencies, ile KWAL iliyoanzishwa na serikali mwaka 1969 kusambaza mvinyo na pombe kali, imehama kutoka Industrial Area ya Nairobi ikaja Tatu City, hapo hapo Ruiru. Haiko tena chini ya usimamizi wa serikali. Distell ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 26 ya hisa mwaka 2014, baadaye ikaongeza hadi ikashika usukani, na mwaka 2023 Distell yenyewe ikamezwa na Heineken. Wazee wanaikumbuka KWAL kwa mvinyo wa papai. Vijana wanaijua kwa Caprice.

Thika nayo ina mkono wake. Leleshwa, mvinyo wa Kenya ulioitwa jina la kile kichaka cha majani ya kijivu kinachonukia kafuri kule Bonde la Ufa, unatokana na zabibu za shamba la Morendat, Naivasha. Wenye shamba ni jamaa wale wale wa Kenya Nut, kampuni ya makadamia yenye makao Thika. Kwa hiyo lile bakuli la makadamia mezani kwa mwenyeji wetu na chupa iliyosimama kando yake vilikuwa ndugu, ingawa hakuna aliyelitambua hilo hadi tulipomaliza bakuli.

Tulianza saa nane kamili. Sheria ya Mututho ya mwaka 2010 inazitaka baa zisifungue kabla ya saa nane mchana wikendi, na ingawa sebule si baa, mwenyeji wetu ni wakili na hataki maneno. Chupa zilikuwa zimefungwa kwa magazeti ili mtu asione jina wala bei. Mwalimu wetu alikuwa mwenzetu anayesimamia hoteli, aliyeanza kazi kama mhudumu wa meza akajifunza mvinyo kwa kuwasikiliza wageni. Shika glasi kwa mguu wake, alisema, usiikumbatie tumbo, mkono wako una joto. Izungushe. Ingiza pua. Piga funda dogo, lizungushe kinywani, kisha tema kwenye ndoo.

Ndoo ilibaki kavu. Mhasibu alichungulia ndani yake, akatuangalia, akameza. Hata hivyo funguo za magari zilikuwa zimekusanywa kwenye sufuria mlangoni, maana wote tulikuwa tunalala Ruiru na hakuna aliyekuwa na hamu ya kupuliza Alcoblow, kile kipimapombe cha polisi.

Kuonja bila kujua jina kunavua watu nguo. Waliojinadi kwamba hawanywi kitu kitamu walitoa alama za juu kwa chupa tamu kuliko zote, na gazeti lilipovuliwa ilikuwa Caprice. Pinotage ya Afrika Kusini, iliyoletwa kwa mbwembwe na mwenzetu mmoja kutoka duka la uwanja wa ndege, ilipewa alama za huruma. Ukakasi wake uliushika ulimi kama ndizi mbichi. Mvinyo mweupe wa Leleshwa ulipita vizuri, mkavu na mwepesi. Mvinyo mwekundu wa Dodoma, uliobebwa kwa basi na mwenzetu anayefanya kazi huko, ulizua mjadala mrefu kuliko yote, kwa sababu mbebaji alikuwa na mengi ya kusimulia.

Mzabibu ni mti wa nchi zenye baridi ya kila mwaka, alitueleza. Huko kwao hupukutisha majani na kulala, kisha huamka masika. Ukiuleta karibu na ikweta, ambako mchana na usiku vinalingana mwaka mzima, hauna wa kuuambia ulale. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa makasi: anaukata matawi, anausimamishia maji, unashtuka unachipua. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu za Makutupora ndizo zinazowapa ule mvinyo mzito. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ndio waliotangulia kupanda huko, wakihitaji divai ya misa. Richard Leakey, mtafiti wa mifupa ya binadamu wa kale aliyefariki Januari 2022, naye alipanda mizabibu yake juu ya Bonde la Ufa upande wa Ngong, akang'ang'ana na Pinot Noir, aina inayowatesa wakulima hata Ufaransa kwenyewe.

Katikati ya hayo aliingia mwenzetu wa Kandara na mtungi wa plastiki wa muratina kutoka kwa ami yake. Meneja wa hoteli alikataa kuutolea alama, na nadhani alikuwa na haki. Muratina haina lebo wala mwaka. Ni asali na maji, na siku hizi maji ya miwa au sukari, pamoja na tunda la mti wa muratina lililopasuliwa, likachemshwa na kukaushwa. Ndani ya nyuzi za tunda hilo hukaa hamira inayofanya kazi yote, na mwenye tunda zuri hulitunza akalitumia tena na tena. Tulimpa mkubwa wetu kwa umri amimine. Ni mkubwa kwa miezi minne tu, lakini aliipokea kazi hiyo kwa uzito wote.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama meneja aliposoma nyuma ya chupa ya mwisho kwamba mvinyo huo una ladha ya blackcurrant. Akauliza nani ameisikia. Kimya. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona tunda hilo likiwa mtini. Mmoja akasema, yaani Ribena? Tukacheka, naye akakubali kwamba ndiyo, Ribena.

"Mimi hilo neno naliandika kila wiki," alisema mwenzetu aliyekuwa ameketi karibu na dirisha. Hata darasani alikaa karibu na dirisha. Ni mwanamke wa maneno machache. Kikundini huandika "Poleni" na "Amina", na wengi wetu tulidhani anafanya kazi ya ofisi mahali fulani mjini. Kumbe ni muonjaji wa kahawa. Miaka yote hiyo, kabla ya kahawa kupelekwa kwenye soko la mnada la Nairobi, yeye na wenzake huipitia kikombe kwa kikombe wakiamua ni ya daraja gani. "Na kahawa ninayoiandikia hilo neno," akaongeza, "inatoka kwenu."

Nikiri kwamba kuanzia hapo mvinyo haukunishughulisha tena sana.

Jumapili tulipanda Thika. Tulipita Blue Posts, hoteli iliyojengwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika, ambako tulikuwa tukitoroka kwenda kuangalia maji huku mwalimu wa zamu akitutafuta bwenini. Watalii huja pale wakiwa na kitabu cha Elspeth Huxley, *The Flame Trees of Thika*, kilichochapishwa mwaka 1959 na kufanywa mfululizo wa televisheni mwaka 1981. Wengi hukumbuka miti ya maua mekundu. Wanachosahau ni kilichowaleta wazazi wa Huxley kwenye nyasi za Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia: walikuja kupanda kahawa.

Nyumbani kwa mwenzetu mwingine, kwenye barabara ya kwenda Gatanga, muonjaji alikuwa ametutangulia. Juu ya meza ya kulia alipanga vikombe vyeupe visivyo na mikono, mizani ndogo, kinu, birika na vijiko vya mviringo vyenye kina. Alipima gramu nane na kidogo za kahawa kwa kila mililita 150 za maji, akasaga mbegu za kila kikombe peke yake, akatuita tunuse unga ukiwa mkavu. Kisha akamimina maji yaliyotoka kuchemka akaangalia saa. Unga ulipanda juu ukafanya ukoko. Dakika nne. Akainamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa kikombe, akausukuma ukoko kwa mgongo wa kijiko, na harufu iliyotoka ilimfikia hata aliyesimama jikoni.

Baada ya hapo akaondoa povu, akatuacha tusubiri. Kahawa ya moto sana haisemi kitu, alituambia, acheni ipoe. Ilipopoa akachota kijiko na kukivuta kwa mlio ambao bwenini ungemletea adhabu ya kupiga deki wiki nzima. Lazima mlio, kahawa isambae kinywani yote kwa mara moja. Kisha akatema. Akatema kila kijiko bila haya, nasi tuliokaa siku nzima ya Jumamosi tukiiheshimu ndoo tukaanza kutema pamoja naye.

Kikombe cha kwanza kilikuwa mbuni, ile kahawa inayokaushwa juani na ganda lake, ambayo mkulima huuza kwa bei ya kutupa. Nzito, yenye ladha ya udongo. Cha pili kilikuwa Ruiru 11. Cha tatu kilikuwa SL28, aina iliyochaguliwa na Maabara ya Scott huko Kabete miaka ya 1930, na hapo mhasibu alikunja uso, akachota tena, akasema polepole: "Ribena." Uchachu wake ulikuwa umesimama wima, mkali na mtamu kwa pamoja, na ulibaki kinywani baada ya kutema. Sikuwahi kujua kahawa ina hayo. Nimekulia ndani yake.

Na hapo ndipo linaponiuma. Tuliokuwa mezani pale tunaweza kutaja aina tano za zabibu za Ulaya, na wawili kati yetu wana friji ndogo za mvinyo sebuleni. Karibu wote tulisomeshwa na kahawa. Likizo ya Desemba tulichuma kahawa nyekundu kwa debe, tukaichagua kwenye gunia lililotandikwa chini, tukaipeleka kiwandani kwa punda au mgongoni, tukapanga foleni ya mizani hadi giza. Kisha tulirudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa kitu cha kuuza. Chama cha ushirika kiliandika hundi kwa jina la shule, na mzazi hakuzigusa pesa zenyewe. Ladha ilikuwa habari ya watu wengine, waliokaa Nairobi na Hamburg.

Hata ruhusa ya kuilima ilichelewa kufika. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha ikafika misheni yao ya St. Austin's, Nairobi. Hao hao ndio walioanzisha Kabaa mwaka 1925, shule iliyozaa Mang'u. (Majirani zetu wa Mang'u walimtoa Mwai Kibaki, na hawajatupa nafasi ya kulisahau hilo.) Walowezi walipoona kahawa inalipa, walihakikisha Mwafrika haigusi. Walitaja magonjwa na wizi. Walichoogopa zaidi ni kukosa vibarua. Kisii, Meru na Embu walianza kuruhusiwa kidogo kidogo miaka ya 1930. Kiambu na Murang'a, walio jirani kabisa na mashamba ya wazungu, walisubiri hadi miaka ya 1950, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango wazi.

Neema yenyewe haikudumu. Jalidi iliyounguza kahawa ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na miaka ya 1976 na 1977 watu walijenga nyumba za mawe. Sisi tulizaliwa humo humo. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 130,000, kiasi ambacho haijakirudia. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ukavunjika, bei ikaporomoka, na tulipoingia kidato cha kwanza hundi za ushirika zilikuwa zinachelewa muhula mzima. Kila mtu mezani alikuwa na hadithi ya kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Muonjaji alikaa nje nusu muhula wa kidato cha pili. Aliporudi, alitueleza, alikuwa ameapa ataujua mwisho wa ile njia inayoanzia kwenye debe.

Kuhusu Ruiru 11 palizuka ubishi wa kweli. Aina hiyo ilitoka kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru mwaka 1985, baada ya ugonjwa wa kuoza kwa matunda, ambao wakulima wanauita CBD, kuwafilisi wengi waliokuwa wakipiga dawa msimu mzima. Inaustahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani, tena ni fupi, hivyo hekta moja inabeba miti 2,500 mahali ambapo SL28 ingekaa 1,330. Kwa kuwa ni chotara, mbegu zake hutengenezwa kwa mkono: mtu anachukua chavua ya ua hili na kuipaka kwenye ua lile, ua kwa ua. Wanunuzi wengi wamekuwa wakinong'ona kwamba kikombe chake hakifikii cha SL28. Watafiti wanasema uvumi umezidi ukweli. Wapo wakulima waliokata mashina ya zamani wakapandikiza Ruiru 11 juu yake, mizizi ya babu na matawi ya mjukuu. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, ili kuwapatanisha.

Muonjaji alikataa kuchagua upande. Akabadilisha vikombe mahali, akatufanya tuonje bila kujua, na wengi tulikosea. Yeye hakukosea.

Mwenyeji wetu wa Ruiru alikuwa amenyamaza. Nyumba aliyotulaza inatazamana na uwanja wa ujenzi wa maghorofa, na alisema aliponunua ploti miti ya kahawa ilikuwa bado imesimama kwenye mistari. Tatu City yenyewe, ekari 5,000 zenye shule, viwanda na kile kiwanda cha mvinyo, imekaa juu ya mashamba ya kahawa. Kisheria mkulima hakuruhusiwa kung'oa kahawa bila kibali, hata ilipokuwa inamla badala ya kumlisha, kwa hiyo wengi waliiacha ijifie. Baadaye ardhi ikapanda bei, na kibali hakikuwa shida tena. Sioni wa kumlaumu. Mwenye ekari mbili Ruiru akipewa bei ya ploti hawezi kungoja mnada wa Nairobi. Lakini ni ajabu kwamba udongo huo sasa unajaza chupa mvinyo uliokuja melini, na sisi tumeendesha gari kwenda kuuonja.

Mhasibu alikuwa bado ameshikilia kikombe cha tatu. Ghafla akatoa simu, akampigia mamake Gatundu, akaweka spika.

"Mami, ile kahawa ya baba bado iko?"

"Ipi? Huko chini kote ni avokado. Imebaki mistari miwili nyuma ya zizi."

"Ni ya aina gani?"

"Nitajuaje aina? Ni ile ya zamani, ile ya karo yenu. Kwani umepata mnunuzi?"

Muonjaji akamgusa bega: muulize kama ameikata matawi. Mhasibu akauliza.

"Nani huyo anayekuambia useme hivyo?"

"Ni mwenzangu wa shule, Mami. Anajua mambo ya kahawa."

"Basi mwambie aje," mama akasema, "na asije mikono mitupu, aje na mbolea. Na wewe tuma pesa za vibarua leo. Leo, si kesho."